Fundi Cherehani na Breki za Gari la Babu

Mama mdogo ni fundi cherehani, na mtaani humwita Pindo. Mteja akimletea nguo, hata kama tatizo ni zipu, yeye kwanza hugeuza pindo atazame lilivyoshonwa. Ndivyo alivyo. Pasi ikiacha kupata moto, ataifungua. Redio ikikoroma, ataifungua pia. Vingine hupona, vingine hukaa kabatini ndani ya bakuli, vipande vipande, na yeye hajuti hata kidogo.

Kwa hiyo gari la marehemu babu lilipoanza kusaga kama jiwe la kinu kila anapokanyaga breki, nilijua litafunguliwa. Ndilo analopelekea sare za wanafunzi mashuleni, na bila hilo kazi yake ingerudi kuwa ya mguu na mzigo kichwani. Lakini kaka yake, mjomba wangu, dereva wa basi, ndiye aliyeachiwa neno la mwisho juu ya gari hilo.

"Jumapili nakuja kulijaribu," alimwambia kwenye simu. "Nikiliambia simama lisiposimama, Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulibeba. Sitaki kuja kukuokota barabarani."

"Haya, kaka." Akaweka simu chini, akanigeukia. "Hivi breki hasa inashikaje?"

Sikujua. Tulikitoa kitabu cha gari kwenye kisanduku cha mbele, mimi nikasoma kwa sauti, yeye akasikiliza huku pini zikiwa mdomoni. Kumbe nyuma ya tairi kuna sahani ya chuma inayozunguka nalo, na pedi mbili zinazoibana ukikanyaga.

Akazitema pini kiganjani. "Kubana tu? Mambo yote haya ni kubana tu?"

Jumapili asubuhi, pedi mpya tukiwa tumeshazinunua, tulilitia mawe nyuma ya magurudumu uani, tukaliinua mbele kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi tulizoazima kwa jirani. Tulitoa matairi yote mawili ya mbele. Nilipotaka kuanza kufungua nati za upande wa kulia, akanishika mkono.

"Taratibu, mwanangu. Ukifumua mikono yote miwili ya gauni, utashonea kwa mfano upi? Wa kulia uache ututazame."

Tukaanza kushoto. Pedi ya zamani ilikuwa imekwisha kama kipande cha sabuni kinachogombaniwa bafuni, imebaki chuma kitupu. Aliikwaruza kwa ukucha, akainusa, akaipima kando ya ile mpya. Kisha akaanza kufunga mpya, nami nikaingia ndani kutafuta tambara. Niliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake. Papo hapo mteja akagonga geti, anataka gauni lipunguzwe kiunoni, na asingengoja. Mama mdogo akanawa, akaenda kumpima. Upande wa kulia nikaufunga mimi, jicho moja kitabuni, jingine kwenye kazi yake.

Tulirudisha matairi, tukakanyaga pedali mara nyingi kama kitabu kilivyoagiza, mpaka ikawa ngumu. Akaliendesha polepole uani. Akakanyaga. Gari lilisimama kwa uvivu, na pua yake ikageukia kulia kama mtu aliyeitwa. Akarudia. Tena kulia, safari hii taa nusura ibusu ukuta.

"Hili linamtafuta nani huko?" akauliza.

Niliamini kosa ni langu, maana kulia nilifunga mimi. Tukafungua tena pande zote, tukachuchumaa huku, tukahamia kule, tukilinganisha kila nati. Zilifanana kama pacha. Ndipo alipopitisha kidole kwenye sahani ya kulia, kikakwama; kwenye ya kushoto, kikateleza.

"Wewe hukutia?"

"Kutia nini?"

"Mafuta. Ya cherehani. Chuma kikisuguana na kitu lazima kipewe tone, la sivyo kinalia."

"Mama mdogo," nikasema taratibu, "hapa ndipo panapotakiwa kusuguana."

Aliitazama ile sahani. Kisha akakaa juu ya tairi na kucheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Mluzi wa mjomba ukasikika barabarani. Nikamnong'oneza: tuifute haraka, pengine hatatambua. Alikuwa ameigeuza pedi mkononi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Doa la mafuta nalijua mimi. Unalifua, linajificha. Ukipitisha pasi, linarudi. Na hiki kitu si umesoma kwamba kinapata moto?"

Mjomba aliingia akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Sikupi, kaka. Leo halisimami." Akamweleza yote, bila kuruka tone.

Mjomba alisikiliza bila kupepesa. "Umetia breki mafuta."

"Nimetia."

"Ya cherehani."

"Ni mepesi, hayagandi."

Alitugeuzia kisogo akautazama ukuta kwa muda mrefu kuliko ukuta ulivyostahili. Alipogeuka macho yalikuwa na machozi. "Madereva ninaofanya nao kazi wangenipa ufunguo, kisha wangeniombea dua."

Alitoka, akarudi na pedi mpya za pande zote mbili na dawa ya kusafishia breki. Alipotaka kushika spana, mama mdogo akamkabidhi tambara badala yake, naye akasugua ile sahani mpaka kidole kikagoma kuteleza. Kufunga tulifunga sisi.

Mjomba alilitoa barabarani. Tulimwona akienda taratibu, kisha kasi kidogo, kisha kasi ya kunifanya nishike geti. Akakanyaga. Gari likasimama pale pale, likitazama mbele.

Aliporudi hakushuka. Alitoa simu akapiga akiwa ameketi kwenye usukani, dirisha wazi.

"Ndugu yangu, kesho usije kulibeba. Hapana, sijapata mnunuzi mwingine. Gari limepata mwenyewe."

Mama mdogo alijifanya hakusikia. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akiligonga gonga kwa kishikio cha spana.

"Kaka," akasema, "huku nyuma sahani siioni. Kuna nini humu ndani?"

Mjomba alifungua mlango. "Usiguse kwanza," akasema, na akashuka kuja kutazama.