Sisi Tulioponywa Kigugumizi

Mwalimu aliyesifika Shinyanga nzima kwa kuponya vigugumizi hakumponya mtu hata mmoja. Nina uhakika, kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioponywa.

Miaka ya sitini alitukusanya sisi wenye kigugumizi kutoka madarasa yote ya shule yetu, akatuweka katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Dawa yake ilikuwa rula. Ukikwama kwenye neno unapigwa midomoni. Ukilia, unaambiwa umeze mate uanze upya. Nilianza upya mpaka midomo ikavimba, na neno halikutoka. Nyumbani mama alinikanda kwa maji ya chumvi akasema mwalimu ana nia njema. Watu wetu walikuwa tayari kumsamehe lolote mtu aliyevaa kaptura iliyotiwa wanga.

Kisha akagundua jambo ambalo kila mama wa Kisukuma analijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake: mwenye kigugumizi akiimba, au akitamka pamoja na wenzake, hakwami. Kwetu watu hulima kwa nyimbo. Baba yangu mdogo, ambaye hakuweza kuomba maji ya kunywa bila kuhangaika, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo shambani. Mwalimu alilichukua hilo akaliita utaalamu wake. Akatutungia ngonjera ya pamba. Ngonjera ni majibizano, kila mtu anajua hivyo, lakini ya kwake haikuwa na wa kumjibu mwenzake. Tuliikariri wote kwa sauti moja, mwanzo hadi mwisho, ili asipatikane mtu wa kusema peke yake. Mkaguzi wa shule alipokuja, akavua miwani akafuta machozi. Alipotaka kumuuliza mmoja wetu jina lake, mwalimu akawahi.

"Huyu ana haya, mheshimiwa," akasema, akatuamuru turudie ubeti wa mwisho.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilimfikisha mpaka kustaafu.

Kufikia miaka ya themanini nilikuwa nauza vitambaa Katoro, nimeolewa, nina watoto, na kigugumizi changu kiko palepale. Mjumbe wa kamati ya shule akanifuata kibandani kwangu. Mwalimu anaagwa, akasema, na anatunukiwa kwa utumishi uliotukuka. Walioponywa wanaombwa wahudhurie. Nilikubali. Sitajifanya mwema: nilitaka kumwona alivyozeeka.

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja wa Rwamgasa, mke wa mchimba dhahabu, pamoja na binti yake wa miaka kama saba na sanduku la bati. Hakuna abiria aliyeshuka bila kuisikia habari yao. Binti alikuwa na kigugumizi. Mwalimu alikuwa amekubali kumchukua, akae nyumbani kwake mpaka apone, na tayari alikwisha kupelekewa mtamba wa ng'ombe kuwa malipo. Sherehe ikiisha, mtoto anakabidhiwa. Binti alikuwa ameshika pindo la khanga ya mama yake na hakuliachia njia nzima.

Nilitaka kusema. Lakini ndani ya basi, mbele ya watu nisiowajua, mimi hunyamaza. Ndivyo nilivyojifunza kuishi. Niliwaza ile rula, nikawaza na hayo maneno "mpaka apone", maana yake asirudi kwao kamwe. Kwa hasira, hata mahindi niliyonunua njiani sikuyala.

Sherehe ilikuwa chini ya turubai, kwenye uwanja wa shule yetu ya zamani. Risala ilisomwa na mpwa wa mwalimu, nani mwingine angejitolea? Aliitwa bingwa, mkombozi wa ndimi, hazina ya mkoa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha mwalimu kilikuwa kimepata mpaka kipaza sauti. Mgeni rasmi alimkabidhi cheti kwenye fremu, godoro, na katoni ya sabuni, katika mwaka ambao sisi wengine tulifua kwa majivu. Kisha tukapangwa mstari, watu wazima wenye familia zetu, tukakariri ngonjera ya pamba. Kulia kwangu alisimama mpakia mizigo wa Isaka, mwanamume wa miraba minne, akiinua mikono juu kama mtoto wa darasa la tatu. Wala hatukukosea. Nilijidharau, nikamdharau mwalimu zaidi, nikawadharau na wote waliokuwa wakipiga makofi.

Makofi hayajaisha nikachukua kipaza sauti. Yule mama alikuwa safu ya mbele, sanduku liko miguuni pake.

"Mi-mi-mimi," nikaanza, na neno lililofuata likagoma. Nilikaa nalo.

Mwalimu akainuka. "Amezidiwa na furaha. Mpeni kiti."

"Si-sijazidiwa. Mimi si-sikupona. Ha-hatukupona hata mmoja wetu. Tukisema wote ha-hatukwami. Mmoja mmoja, tu-tu-tunakwama. Alitupiga ru-rula midomoni, na bado tunakwama."

Ilichukua muda mrefu. Mgeni rasmi alitazama saa yake. Wengine walicheka. Mtu mmoja akampigia kelele mpakia mizigo, eti ni kweli? Yule bwana akahangaika weee, mishipa ikamtoka shingoni, mwishowe akatoa "ndiyo" yake.

Usidhani mwalimu aliaibika. Kuaibika nako kunahitaji mtu mwenye haya. Alisema mimi nilikuwa mzito wa kichwa tangu utotoni. Mgeni rasmi akatutaka tumshukuru mwalimu kwa moyo wake wa kujitolea, muziki ukapigwa, pilau ikaliwa, na godoro likapakiwa kwenye gari.

Nilikuwa nanawa mikono yule mama aliponijia, binti yake nyuma yake.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Kumbe hukupona."

"Si-sikupona."

"Na mume unaye?"

"Ninaye."

"Na kazi?"

"Nauza vi-vi-vitambaa, Katoro."

"Wateja wanakungoja umalize kusema?"

"A-anayetaka kitambaa a-anangoja."

Binti akafungua mdomo akitaka kusema kitu, akakwama, na mama yake akamziba kwa kiganja bila hata kumwangalia, kama alivyozoea. Kisha akautoa mkono, akachuchumaa mbele yake.

"Sema, mwanangu. Tunakungoja."

Mtoto alihangaika, akapumzika, akaanza tena. Watu walipita na sahani zao. Hakuna kati yetu aliyemsaidia neno.

"Tu-tu-tunarudi nyu-nyumbani?"

"Tunarudi," mama yake akasema, akajitwika sanduku.