Mota ya Bi Khairat

Khairat wa Miyuji alinunua mota ya umeme kwa sababu ya kinyaa. Alikuwa na mtumbwi wa mbao wenye injini ya petroli kwenye bwawa la Hombolo, na mvuvi wake, Thomas, alimletea perege wa kukaanga na kuuza barazani kwake. Perege wakaanza kunuka petroli. Aliwaosha kwa ndimu, akawaosha kwa chumvi, harufu ikabaki palepale. Siku moja mteja wake wa zamani, mwalimu mstaafu, alitafuna tonge moja, akalitema kwenye sahani mbele ya watu na kufuta ulimi kwa leso.

"Bi Khairat, huyu ni samaki au utambi wa koroboi?"

Khairat aliiondoa ile sahani. Injini inavuja, alijiambia. Naing'oa.

Mjini, Kunal muuza mashine alimwuliza kama maji ya bwawa yana kina.

"Ukingoni ni tope na majani matupu."

Kunal akaiweka kando mota ndefu. "Hii itakwama. Chukua fupi, inapanda na kushuka kwa mkono. Lakini usiifunge kwa betri ya gari, betri hiyo itakufa upesi. Nunua ya sola."

"Inatoa harufu?"

"Haina petroli, itoe harufu ya nini?"

"Basi nifungie."

Thomas hakufurahi. "Injini nzima kabisa hii, mama," alisema, akisimama katikati ya mtumbwi kama anayeulinda.

Khairat alimwita Joel, seremala. Joel aliikalisha mota kwenye ubao wa nyuma, akakaza skrubu za kuibana. Ubao ukabonyea kama muhogo uliochemka, ukatoa maji meusi. Ili aone uozo umefika wapi, aling'oa mbao za sakafuni. Uvundo ukawapiga usoni. Chini kulikuwa na perege waliopasuka matumbo, funza wakiwatambaa machoni, na kando yao kopo la petroli lenye tambara.

"Thomas, hawa ni wa nini?"

"Nikichelewa kutoa nyavu wengine wanalegea, mama. Nawachanganya kidogo kidogo na wabichi." Akalisukuma kopo kando kwa mguu. "Petroli ni ya kufukuzia inzi tu. Nawapangusa juu juu."

Khairat akainama ukingoni, akatapika. Watu wangapi wamekula hiki kwa mikono yangu? Alipojifuta mdomo alisema, "Shuka kwenye mtumbwi wangu. Pitia upande ule, usinisogelee."

Joel alikata ule ubao, akasugua mtumbwi kwa maji ya moto na majivu, kisha akafunga ubao mpya wa mninga kwa bolti. Mota ikabanwa, betri ikawekwa mbele ili mtumbwi usilalie nyuma. Elieza, mvuvi mpya, aliiwasha. Ikaondoka kimya, maji nyuma yake hayana hata tone la mafuta, naye akacheka kwa furaha. Khairat alibaki ukingoni ananusa viganja vyake.

Aliwaambia wateja ukweli wote. Mwalimu aliinuka bila kuaga, hakurudi tena. Wengine walirejea polepole, na sasa wanasifia perege watamu. Khairat anawakaanga akiwa amegeuza uso pembeni, akimaliza ananawa kwa sabuni hadi viwikoni, halafu anakula ugali wake kwa mlenda.