Kitundu cha Santuri ya Shangazi

Siku ile santuri ilipopigwa mara ya kwanza kwetu Kengeja, walikuwepo hawa. Bibi yangu, Bi Mchanga, mzaa baba, kakaa kwenye kigoda kwa sababu ya magoti yake. Shangazi yangu, Bi Raya, kitindamimba wa bibi, mwenye sauti iliyomo kwenye santuri. Bwana Faki, mume wa shangazi, mwenye gramafoni. Bi Time, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shoga wa shangazi tangu walipokuwa chuoni wakisoma juzuu moja. Baba yangu, Hamad, kasimama mlangoni. Na mie, mtoto wa meno ya mbele yameng'oka, miguuni kwa bibi. Waliobaki ni watu wa mtaa, majina yao nnayajua yote, ila nikikutajia utachoka.

Katika hao niliowataja, hai ni mie peke yangu.

Wala nisingelikumbushwa lau si mkwe wangu, mume wa mjukuu wangu. Huyu kijana wa Unguja ana maradhi ya santuri. Hununua za kale popote anapozisikia, hata zilizomeguka ukingo, hata zile zenye malengelenge kama ngozi iliyounguzwa na maji ya moto. Huiinua moja mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akaitazama kama mama anayetafuta chawa. Hii imepinda, asema. Hii ilitoka kiwandani na vumbi ndani yake. Hii itakwaruza mpaka Kiyama. Nikamwambia, "Weye mwanangu, ungezaliwa zamani ungekuwa mpimaji karafuu." Akacheka.

Idd iliyopita walikuja Pemba kunisalimia. Akatoa kwenye begi santuri moja iliyozongwa taulo. "Bibi, hii nimeipata Tanga, kwenye nyumba ya marehemu mmoja. Imeandikwa Raya wa Pemba. Ni wa kwenu?"

Nikakaa kitako pale pale sakafuni.

Shangazi alikuwa na sauti, yakhe. Simsifu kwa sababu ni damu yangu. Msimu wa karafuu, jioni, tukimwaga mavuno ukumbini kuchambua, watu walikuwa wakija kutusaidia bila kuitwa, kwa ajili yake. Huku vidole vinatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, huku yeye anaimba na Bi Time anamwitikia. Viganja vinageuka vyeusi, pua zinawasha, muhogo wa nazi unatokota uani, na hakuna anayetaka kunyanyuka. Bibi alikuwa akisema mwanawe akiimba hata makonyo yanajitenga yenyewe. Na huyo Bi Time, sauti yake nzito kidogo, ilikaa chini ya ile ya shangazi kama mkeka chini ya mlalaji.

Arusini walikwenda wawili. Hawakupata kutengana.

Mwaka mmoja, kabla ya Mapinduzi, karafuu zilizaa sana na Bwana Faki akanunua gramafoni ya kutia ufunguo. Akawa mtu mkubwa. Barazani kwake hakukauki watu. Kisha akaja mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitafuta waimbaji wa kutia kwenye santuri, akamsikia shangazi arusini, akasema huyu aje Mombasa. Bi Time hakuitwa. Nakumbuka alimsuka shangazi nywele kwa ajili ya safari, akamfukizia kanga zake kwa udi, akamwambia, "Nenda shoga, ukaimbe kama tuko kwenye karafuu. Mie nitakuitikia huku huku."

Wakenda, shangazi na mumewe, wakarudi. Miezi ikapita. Siku moja gari ya abiria kutoka Mkoani ikateremsha kifurushi cha Bwana Faki. Ndani mna santuri moja, nyeusi, inang'aa kama mbegu ya stafeli. Upande mmoja shangazi. Upande wa pili bwana mmoja wa Mombasa aliyempigia udi, naye kaimba wimbo wake.

Bwana Faki akaita watu. Gramafoni ikawekwa kizingitini, wanaume barazani, wanawake ukumbini. Mkate wa kumimina ukakatwa, kahawa ikamiminwa. Akatia ufunguo, akabadilisha sindano, akaushusha mkono.

Udi ukaanza, nao ukapepesuka. Kisha ikaja sauti ya shangazi. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Kila neno linavutwa kama mtu anayelia huku anabembea. Mwanzo watu walinyamaza kwa adabu. Halafu mmoja barazani, Makame mvunja nazi, akasema, "Bi Raya kaimba yuko juu ya gari ya Mkoani! Sikilizeni mashimo hayo!"

Mwengine akadakia, "Na dereva hana breki!"

Basi ikawa kicheko. Bwana Faki naye akacheka, kicheko cha kuzibia haya, huku shingo inamtoka jasho. Akaigeuza santuri. Yule bwana wa Mombasa akaimba moja kwa moja, kama uzi wa fundi. Na hapo ndipo shangazi alipokatwa shingo. Maana santuri ni hiyo hiyo, sindano ni hiyo hiyo. Kama upande mmoja umenyooka, basi kilichopinda ni koo la Raya.

Mie nilikuwa karibu na gramafoni. Niliona kitu, na bibi alikiona. Upande wa yule bwana, ule mkono wenye sindano ulitulia, ukisogea ndani taratibu. Upande wa shangazi ulikuwa ukienda kulia, ukirudi kushoto, kulia, kushoto, kila santuri ikizunguka. Kama mtu aliyepandwa na shetani yuko ngomani anapungwa.

Shangazi alikuwa kainamisha kichwa, anafuta sinia ambayo haikuwa chafu. Bi Time ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika, "Hii siyo sauti ya Raya. Mie naijua sauti yake. Kuna kitu humo. Ipigeni tena."

Hakuna aliyeipiga tena.

Yaliyofuata ni mambo ya wiki chache tu, lakini yalikula maisha ya watu watatu. Watoto wa kisimani wakamwiga shangazi kwa kubembea na ndoo. Bwana Faki akawa haketi barazani. Nilimsikia mwenyewe uani akimwambia shangazi, "Nimekupeleka Mombasa mbele ya watu, weye umenirudishia kilio."

"Niliimba vizuri, Bwana. Ulikuwepo ukinisikia."

"Nilikuwepo. Na santuri nayo ilikuwepo. Nani nimwamini?"

Hapo bibi akaamua kumnusuru mwanawe. Alikuwa kauona ule mkono ukitikisika, na kwa akili yake, na ya kila mtu pale Kengeja, kitu kinachotikisika hivyo kina mtu ndani yake. Alisema sauti ya mwanawe imefungwa na hasidi, na uhasidi dawa yake fukizo. Akawasha chetezo, akatia ubani, akapindua juu yake tenga letu la kufukizia nguo. Kisha akailaza santuri juu ya tenga, akaifunika shuka jeupe, akasoma. Alisoma kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Shangazi kakaa pembeni, kashika mikono yake mwenyewe.

Moshi ulibadilika harufu. Ukawa mkali, wa kitu kinachoungua, kama pembe ya ng'ombe motoni. Bibi akasema, "Umesikia? Ndio huo unatoka."

Alipofunua, santuri ilikuwa imelegea. Imelala juu ya tenga kama kitambaa, imefuata umbo lake, na alama za ukindu chini yake. Ilipopoa ikawa ngumu vivyo hivyo, mithili ya kofia. Sindano haikuweza kuipanda tena, si upande wa shangazi wala wa yule bwana.

Unafikiri bibi alisema kaiunguza? Alisema sasa kajua. Uhasidi ulikuwa mkubwa mno mpaka umekunja chuma cha Wazungu. Na nani aliyesema mbele ya watu kwamba humo kuna kitu? Alijuaje?

Asubuhi yake kisimani, watu wote wanateka maji, bibi akasema hewani, "Aliyemfunga mwanangu sauti anajijua. Hakuitwa Mombasa, roho ikamuuma."

Bi Time akatua ndoo. "Bi Mchanga, mimi mwanao. Nitaje jina."

"Sikutaja jina. Mwenye kidonda kaguswa."

Bi Time akamgeukia shangazi. "Raya. Na weye waamini hivo?"

Shangazi akajitwika ndoo yake. Naiona mpaka leo kanga yake ilivyolowa begani pale ndoo ilipomwagika kidogo. Hakusema ndio, hakusema la. Alikuwa kachoka kuwa yeye ndiye mwenye kosa, na hapa mtu kampa pa kulitua.

Wiki ile ile ukajengwa ua wa makuti kati ya uwanja wetu na wa kina Bi Time. Wakati tunachambua karafuu za msimu uliofuata, hakuna aliyekuja ila wa nyumba yetu. Shangazi hakuimba. Hakuimba tena kamwe, hata mtoto mgonjwa hakumbembeleza kwa wimbo. Bwana Faki akaoa Wambaa, akahamia huko na gramafoni yake. Shangazi akarudi kwa bibi na sanduku moja, na ile kofia nyeusi ndani yake chini ya nguo. Bi Time alifariki akiwa bado anaitwa hasidi na watu ambao hawakuwapo hata siku hiyo. Shangazi alimfuata baada ya miaka mingi, akiamini moja katika mawili, kwamba koo lake lilimhaini au shoga yake.

Basi mkwe wangu akaipiga ile ya Tanga kwenye mashine yake ya umeme. Ikapanda, ikashuka. Ule mkono ukaenda kulia, ukarudi kushoto. Nikaanza kusoma kimoyomoyo. Yeye hakushtuka hata kidogo. "Bibi, hii iligongwa kombo kiwandani," akasema, kama mtu anayesema chai haina sukari. Akanieleza. Ule udongo mweusi hubanwa ungali moto baina ya mihuri miwili, wa juu na wa chini, kila upande na muhuri wake. Muhuri wa shangazi ulikaa kando kidogo, na kila santuri iliyogongwa nao ikatoka hivyo hivyo. Kwa hiyo mistari ya upande wake haikukizunguka kile kitundu cha katikati sawasawa. Upana wa punje ya mchele tu.

Akachukua tupa ya duara, akakipanua kitundu, akaisogeza santuri kwa kidole, akaitazama, akaisogeza tena, mpaka ule mkono ukatulia.

Akaimba. Shangazi yangu akaimba, sauti imenyooka, kama tuko kwenye karafuu. Na mwisho wa kila ubeti aliacha nafasi, kidogo tu, pale ambapo Bi Time alizoea kuitikia.

Mkwe wangu akasema, "Unaona, Bibi? Jambo dogo." Nikamwambia aizime.

Sasa Kengeja makonyo wanachambua wengine, na nyimbo zinatoka kwenye simu. Ule ua wa makuti ulioza zamani, nyumba zote mbili zimeanguka, mihogo imeota juu yake. Hakuna wa kumpelekea habari. Nikiwapelekea makaburini, nitaanza na lipi?

Nimeyaandika kama nnavyoyakumbuka, na uzee ni uzee. Kama yuko mtu wa Kengeja aliyekuwepo siku ile na anakumbuka vyengine, anisahihishe, sitakasirika. Labda aliyesema ya gari si Makame. Labda mkate ulikuwa wa ajemi. Lakini hasa hasa nataka nisahihishwe kwa Bi Time. Mie namkumbuka ukumbini watu wote wanacheka na yeye hacheki. Aje basi mtu aniambie, bibi wewe umesahau, alicheka naye kama wenziwe. Nitamwamini, wallahi, na nitalala.