Barabara Pembeni ya Ekra

Fanny, binti wa jirani, ndiye alipanga ekra kubwa, kioo cha kompyuta cha kugusa, ambamo batu ba muji wa Baraka banatafuta bandugu waliopotea vitani. Kwanza menyu aliificha, kama kwenye simu, na sisi bazee tusiosoma tukawa tunaangalia weupe tu. Akaifichua, akaiweka pembeni ikae wazi, picha za miji zishuke vile barabara inashuka: Mboko, Lusenda, Baraka.

"Papa, gusa mahali mulipotezana na mutoto wako."

"Nitaivunja."

"Gusa. Nitasema ni mbuzi aliivunja."

Nikagusa Mboko. Sura ya mutoto wangu Vanessa ikatokea.

"Iko Lusenda," Fanny akanisomea. "Iko muzima."

Nikakaa chini. Mama ya Vanessa alikufa akimuulizia. Mbele ya kwenda Lusenda, nitapita kwanza kwenye kaburi yake, nimuambie.