Mayai Viza Kwenye Koti Langu

Nasimulia mwenyewe leo kwa sababu nimechoka kusikia mkinisimulia ninyi kila siku ya mnada, tena mnatia chumvi mpaka mimi mwenye aibu siitambui. Ndiyo, ni mimi niliyenuka mbele ya jumuiya nzima. Chekeni, mmalize, halafu mnyamaze msikilize, maana mimi mpaka leo sicheki, nina hasira.

Mnajua nina sukari. Wakati wa palizi gambuti lilinichubua chini ya kidole kidogo cha mguu, na kwa kuwa miguu yangu ina ganzi sikusikia kitu, nilikuja kuona jioni soksi imelowa damu, basi kikawa kidonda. Nesi wa kituo cha afya akakisafisha, akanipa dawa, akanipima mpaka figo, akasema, "Baba Elia, figo zako ziko sawa, kwa hiyo ule protini kila siku. Mayai, maharage, samaki, maziwa, nyama ukipata. Dawa inaua wadudu, lakini nyama mpya ya kuziba hilo shimo inajengwa na protini. Fundi bila tofali atajenga nini?" Nikasema nimeelewa. Na nilielewa kweli! Hapo ndipo panaponiuma.

Nyumbani nikamkuta dada yangu mkubwa, Veronika, ametoka kijiji cha Daudi kuja kuniuguza. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, akikohoa tu mimi nakaa sawa. Akatangaza kwamba mayai, maharage na nyama vinachochea kidonda, vinaleta usaha, kwa hiyo marufuku. Mimi, mwanamume wa miaka hamsini na moja, baba wa watoto watano, nikajibu, "Sawa, dada." Wiki saba! Wiki saba nakula ugali na mboga za majani, asubuhi uji (usio na hata tone la maziwa), na kidonda kipo vilevile, kimepauka, hakisogei. Mke wangu alijaribu mara moja kunichemshia maharage, dada akayachukua akawapa watoto wa jirani, na mimi nimekaa pale pale natazama.

Sasa asubuhi ya siku ambayo jumuiya ilikuwa inakuja kuniombea, nikaamua kuiba mayai. (Kuiba, ndani ya nyumba yangu, mayai ya kuku wangu!) Wanawake walikuwa nje wanapanga mabenchi, nikachechemea mpaka jikoni, nikakuta kwenye kikapu pembeni mayai matatu, kuku hayupo, nikayatia mfukoni mwa koti nikisema nitayachemsha wageni wakiondoka. Haya, wanaume wenzangu, semeni ukweli, nani kati yenu anajua mambo ya kuku? Ng'ombe nikimwangalia tu nitakwambia ana mimba ya miezi mingapi, lakini kuku kwetu ni wa wanawake, sisi tunakutana naye kwenye sahani. Sikujua kwamba yule kuku ameshaangua, ameondoka na vifaranga vyake, na yale aliyoyaacha kikapuni ni viza.

Wakaja. Wakaimba, wakasali, dada akasimama kutoa ushuhuda kwamba mdogo wake ni mtiifu, hajagusa yai tangu augue, watu wakasema amina, na mimi nikasema amina. Halafu mwenyekiti wa jumuiya (mnakijua kifua chake) akainama akanikumbatia kwa nguvu zote. Paa! Yakapasuka. Aisee, harufu ile sina jina lake. Mwenyekiti akaruka nyuma ameziba pua, macho yote yakaenda mguuni kwangu, na dada akapiga yowe, "Umeoza! Mguu wa mdogo wangu umeoza!"

Hapo ningesema neno moja tu, mayai, tungecheka, tungekunywa chai, yangeisha. Ningelisemaje, na ile amina bado iko mdomoni? Nikalifunga koti vizuri. Basi wanaume wanne wakanibeba juujuu, wakanipakia kwenye pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mahindi, na siku yenyewe ilikuwa ya mnada, Maretadu nzima iko barabarani, na dada kando yangu anamlilia kila tunayempita, "Wanaenda kumkata!" Akina mama wanaouza samaki wa Basotu wakaziba pua. Hebu fikiria, muuza samaki anaziba pua kwa ajili yako!

Kituoni tukamkuta nesi yule yule, umri wa binti yangu. "Shikamoo, baba," akafungua bandeji, watu wamejazana dirishani. Akainama akanusa. Akanusa tena. "Mbona hapa hapanuki?" Akaifuata harufu taratibu mpaka kwenye koti, akaingiza mkono wenye glavu, akatoa ganda linalochuruzika. Dirishani wakaangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa.

Nesi hakucheka. "Baba, kidonda hiki hakijaoza, lakini hakina hata nyama mpya. Umekuwa unakula nini?"

Nikamwangalia dada. Dada akasema kwa sauti ndogo, "Mayai si yanachochea, mwanangu?"

"Mama, nani alikuambia?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Nikapelekwa hospitali kubwa, wakapiga picha, wakakuta uchafu umeshaingia mfupani, kidole kidogo wakakikata. Daktari alisema chakula peke yake hakiponyi, lazima sukari ishuke, kidonda kisafishwe, mguu usibebe uzito, ila mimi nilikuwa nafanya yote hayo na mwili hauna cha kujengea. Nilipoanza kula nilichoambiwa, pale walipokata pakafunga.

Siku niliyorudi, dada alinichemshia mayai mawili, akanimenyea mwenyewe, akalia. "Nisamehe, mdogo wangu, sikujua." Nikayala kwa hasira, hata ladha sikuisikia. Watu wananiambia nimkasirikie dada. Nimkasirikie kwa lipi? Yeye hakujua. Mimi niliambiwa, nikaelewa, nikanyamaza wiki saba ili nionekane nina adabu. Adabu gani hiyo ya kutoa kidole? Siku hizi mkubwa yeyote akinikataza chakula, namwamkia shikamoo yake vizuri, namweleza alivyosema nesi, tena kwa sauti, halafu nakula mbele yake.