Siku Tulipompeleka Fundi Skrubu Kuposa

Mtaa wetu una lugha tisa za kugombania na moja tu ya kupatana, na hiyo moja kila mtu anaizungumza vibaya kwa namna yake. Mimi naipenda hali hiyo. Dada yangu anakaa mtaa wa kimya, ambako watu wote wanafanana na wanazungumza lugha moja, na huu ni mwaka wa nne hajui jirani yake wa kushoto ana watoto wangapi. Kila akija kwangu huniuliza ninaishije na kelele hizi. Namwambia, sasa nitajuaje kama kumekucha salama nisipomsikia mwokaji wa chini akilitukana tanuri lake kwa lugha ya kwao?

Lakini nisidanganye. Nilipohamia hapa, miaka kumi na mitano iliyopita, tulikuwa tunapishana ngazini kama watu waliokoseana. Mwokaji nilimwita "yule mweupe wa chini". Yeye, nilikuja kujua baadaye, aliniita "yule mama wa mvuke", maana kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu na mlango wangu hutoa mvuke kutwa. Na yule mwalimu wa hesabu mstaafu wa ghorofa ya tatu, bibi mfupi mwenye mtandio mweusi, ambaye watu wa kwao wako mbali huko kaskazini, hakuna aliyemwita chochote. Tulimwogopa. Aliyetuunganisha ni Fundi Skrubu, na hakutuunganisha kwa hotuba.

Kibanda chake kiko chini ya ngazi, mahali palipokuwa zamani chumba cha mafagio. Akikaa, magoti yanagusa mlango. Akisimama, kichwa kinagonga ngazi ya saba. Humo anatengeneza pasi, feni, mabirika ya umeme na redio za watu wanaokataa kununua mpya. Jina la Skrubu alipewa kwa sababu kila akimaliza kazi hubaki na skrubu moja mkononi. Ukimuuliza imetoka wapi, anakutazama kwa upole na kukuambia hiyo haikuwa na kazi, kiwandani waliiweka kwa woga tu.

Hiyo si kasoro yake kubwa. Skrubu ana imani yake kuhusu vitu vilivyopona. Anasema pasi ikishatengenezwa haifai kurudi moja kwa moja kwa mwenyewe, maana mwenyewe anaihurumia; ataitumia polepole, na ugonjwa utajificha. Lazima kwanza ijaribiwe na mtu asiye na uchungu nayo. Kwa hiyo kitu chako kikipona hukipeleka kwa mtu mwingine, wiki moja, wiki mbili, wakati mwingine mwezi na zaidi, bila kukuambia wewe wala kumwambia huyo mtu ni cha nani.

Pasi yangu kubwa niliipeleka siku ya Jumatatu. Wiki ya pili nikashuka kwa mwokaji kununua mkate, nikaikuta mezani kwake, imelala juu ya aproni, bado ya moto. Niliijua kwa lile kovu la mpini. Nikamwita mwizi. Yeye akanijibu kwa lugha ya kwao, na kwa jinsi mikono ilivyorushwa nikaelewa kwamba haikuwa pole. Tulipiga kelele hadi mikate ikaanza kuungua, tukaacha kugombana ili tuiokoe, na tulipokwisha kuiokoa hakuna aliyekumbuka tulikuwa tumefikia wapi. Nikapewa kiti. Nikapewa na mkate ambao haukuungua.

Wiki hiyohiyo nikagundua kwamba birika ambalo Skrubu aliniachia, "tumia tu kwa sasa, mama", ni la mwalimu wa ghorofa ya tatu. Nikalipandisha mwenyewe. Akafungua mlango, akalitazama birika, akasema, "Siku sitini na moja." Kisha akanikaribisha ndani, tukachemshia chai humohumo. Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyojuana, watu wakipanda na kushuka ngazi kutafuta vitu vyao. Leo nikiumwa, nagongewa mlango na watu wa lugha nne kabla sijamaliza kupiga chafya.

Skrubu naye mchumba alimpata kwa njia hiyohiyo. Muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto, binti wa huko kwenye nyumba zenye bustani, alileta feni. Feni ikapona siku ya pili, ikapelekwa kwa mwalimu kufanyiwa majaribio. Binti akaja kuiulizia mara tano. Mara ya sita hakuiulizia, na sisi tunaopita ngazini tukaanza kupita polepole zaidi.

Baba yake binti alikuwa mkaguzi wa mizani, sasa mstaafu. Miaka thelathini aliingia madukani na mawe yake ya kupimia, akitafuta ni nani anawapunja watu. Alipoletewa habari za Skrubu hakusema hapana. Alisema, "Aje na watu wake niwaone. Binti yangu simpi mtu mmoja."

Skrubu akapanda kwangu na ujumbe huo, akaketi juu ya kapu la nguo ambazo nilikuwa nimeshazinyoosha, na siku hiyo sikumfukuza.

"Imekwisha, mama," akasema.

"Kwani huna hata mjomba?"

"Sina hata wa kumsingizia."

Ni kweli. Alilelewa kituo cha watoto tangu hajajua kutembea, akatoka huko na miaka kumi na minane na begi moja. Sasa ana arobaini na mmoja, na mwanamke wa kwanza kumpenda alikuwa anaponyoka kwa sababu hakuwa na shangazi wa kumkalisha kwenye kochi. Nilikasirika. Nikamwambia akanyoe, watu atakuwa nao.

Wiki nzima tulifanya mazoezi chumbani kwangu, katikati ya mashati ya wateja. Mimi nikawa shangazi. Mwokaji akang'ang'ania kuwa baba mdogo, ingawa Skrubu ni mweusi tii na yeye ni mweupe hata kabla hajashika unga.

"Tutasema mtoto alimfuata mama yake," akasema.

"Na huyo mama alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Simjui. Mimi ni wa upande wa baba."

Mwalimu alikubali kuwa bibi, kwa sharti kwamba asiulizwe swali lolote. Tukapatana kwamba tutamsifu kijana, tutakunywa chai kikombe kimoja, kisha tuondoke kabla hatujachunguzwa sana.

Jumapili saa nne asubuhi tukawa sebuleni kwa mkaguzi. Makochi yalikuwa yamevishwa nailoni, kwa hiyo kila aliyejisogeza alitoa sauti, na mwokaji si mtu wa kutulia. Juu ya kabati palikuwa na mizani ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Skrubu alikaa katikati yetu, amevaa shati nililolinyoosha mara tatu, mikono ameibana kati ya magoti. Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka kulia kurudi kushoto.

"Nyinyi ndio ndugu zake."

"Damu kabisa," akasema mwokaji.

"Wewe ni nani wake?"

"Baba mdogo."

Mkaguzi akamtazama Skrubu, akamtazama mwokaji, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya, nielezeni habari zake," akasema.

Mwokaji akasimama, maana hawezi kusema akiwa ameketi. Akasema kijana ni mchapakazi, na hilo ni kweli. Akasema ni mpole, na hilo pia ni kweli. Hapo angekaa chini tungekuwa salama. Lakini utamu ulikuwa umeshamkolea. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Na zaidi ya yote, mzee, kitu cha mtu kikiwa mikononi mwake ni amana. Ukimpa, kinarudi kwako moja kwa moja."

Mimi nina ulimi usiosubiri ruhusa. Nilikuwa nimeufunga wiki nzima, lakini hiyo moja kwa moja ilinishinda.

"Moja kwa moja kupitia wapi?" nikasema. "Pasi yangu ilipitia kwako."

"Dada yangu," akaniambia amebana meno, "si sasa."

"Nilinyoosha mashati ya watu kwa pasi ya kuazima, wewe unanyooshea aproni."

"Na mashine yangu ya kukandia unga? Nani aliikorogea wanga wa nguo?"

"Niliambiwa haina mwenyewe."

"Siku arobaini," akasema mwalimu. Sote tukamgeukia. "Mashine ya unga ilikaa siku arobaini. Pasi, kumi na moja. Birika langu, sitini na moja. Kama tunasema, tuseme sawasawa."

Basi ikawa tuko ngazini kwetu. Tukamvua nguo kijana wa watu mbele ya mkwe mtarajiwa. Mwokaji akasema Skrubu hagongi mlango, anaingia tu na bisibisi mkononi na kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyelalamika kwamba kimeharibika. Nikasema ukimkaribisha chai anaanza kwanza kulifungua birika kuona lina nini ndani. Mwalimu akasema mwaka juzi alipolazwa hospitali, Skrubu alikaa nje ya wodi siku tatu, akaishusha saa ya ukutani na kuifungua kwa sababu ilikuwa inachelewa, akafukuzwa na mlinzi, akarudi kwa mlango wa nyuma.

"Nilimwambia aende nyumbani akale," akasema, na sauti yake ilikuwa kali kama ya darasani. "Hakuenda."

"Na tanuri langu?" akadakia mwokaji. "Lilipokufa aliingia ndani mzima mzima, bado la moto, kwa sababu nilikuwa na mikate ya watu. Akaunguza nyusi. Mtu mwenye akili timamu anaingia ndani ya tanuri?"

"Zimeota," nikasema, "lakini ya kushoto imekaa vibaya hadi leo. Nimemwambia aipake mafuta, hasikii."

Mkaguzi alikuwa akiuliza maswali mafupi, ya dukani. Lini? Mara ngapi? Na hicho kitu kikirudi, kinafanya kazi?

"Kinafanya," tukasema wote watatu kwa hasira, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa linaudhi zaidi.

Skrubu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifungo cha shati. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Ndipo nilipoona tulichokifanya. Tulikuja kumtafutia kijana mke, tukaishia kumharibia kwa mashine ya unga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na kilichoniuma si aibu yangu. Kilichoniuma ni kwamba angerudi kwenye kile kibanda, na kesho yake angenisalimia vilevile.

"Kwa hiyo mnanishauri nimnyime," akasema mkaguzi.

Nilikuwa na sentensi niliyoikariri, kuhusu marehemu kaka yangu na wosia wake. Haikutoka.

"Mzee, ukimnyima sitakusamehe," nikasema. "Sisi si ndugu zake wa damu."

"Hilo nililiona mlangoni, mama. Macho bado ninayo."

Akainuka, akaenda hadi kwenye kabati, akasimama hapo akitugeuzia mgongo.

"Binti yangu ameshaposwa mara mbili," akasema. "Mara zote walikuja ndugu wa kweli, wamependeza, wakamsifu mtu wao bila kituo. Nikauliza anakosea wapi, wakaniambia hakosei. Nikauliza akiuguliwa na mtu anakuwaje, wakatazamana. Sijawahi kupima mzigo usiopungua hata kidogo, na nimepima mingi." Akageuka. "Huyu mmeshanipimia. Mimi nimekubali."

Nailoni ikalia chini ya mwokaji. Tukasahau hata kushukuru, maana hatukuwa tumefanya mazoezi ya kukubaliwa. Kisha tukaona mabega ya Skrubu yanatikisika.

"Unalia nini, kijana?" akauliza mkaguzi. "Nimesema nimekubali."

"Nimesikia, baba. Nashukuru sana." Akavuta pumzi. "Kule nilikolelewa, ukikosea waliandika jina lako ubaoni, basi. Tulikuwa wengi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukukasirikia wewe peke yako." Akatutazama, mwokaji, mwalimu, kisha mimi. "Sikujua kama hawa wanakumbuka hata hesabu ya siku."

Mwalimu akafungua mkoba wake na kutafuta humo kitu kwa muda mrefu. Mwokaji alikuwa analia waziwazi, kwa lugha ya kwao. Mimi nikiguswa huwa mkali.

"Futa uso," nikamwambia. "Unaniaibisha mbele ya wakwe."

Akaufuta haraka, kwa mikono yote miwili. Mkaguzi akamwambia binti yake alete chai kwa ndugu wa bwana harusi.