Akina Joseph Arobaini na Mmoja

Jambo la kwanza nililoliona kwa Annah Nangobi ni kwamba humuuliza kila mteja ukoo wake kabla ya kumtajia bei. Anauza sangara wa kukaushwa kwa moshi katika soko la Nakaloke, karibu na Mbale, Uganda. Huwanunua Masese, karibu na Jinja, na kuwaleta kwa basi. Mteja akishajibu, Annah humtajia babu zake na mashangazi zake, hata walikozikwa. Hakuna anayethubutu kumuuliza ukoo wake yeye. Ngozi yake ni nyeupe, na nywele zake zina rangi ya kutu.

Alizaliwa mwaka 1953. Baba yake alikuwa fundi wa kutoboa miamba, Mkanada msemaji wa Kifaransa, aliyekuja Jinja wakati bwawa la umeme lilipojengwa. Kazi ilipokwisha aliondoka, na mtoto akalelewa kwa ukoo wa mama.

Mwaka jana, 1996, ukoo huo ulianza kuandika kitabu cha watu wake. Annah alikwenda Jinja amevaa gomesi mpya. Binamu yake Alfayo ndiye aliyeshika kalamu.

"Dada, mtoto huandikwa kwa baba yake. Wewe nikuandike wapi, ukoo wa Bwawa?"

Watu wakacheka.

"Andika utakavyo," Annah akamjibu, "lakini samaki unaowala kila Krismasi wanatoka ukoo huo huo."

Wakacheka zaidi. Aliniambia baadaye kwamba basini alilia mpaka Iganga.

Kesho yake alinijia, kwa kuwa mimi ni mwalimu na jirani yake, akiwa na cheti chake cha ubatizo. Baba: Joseph Pelletier, wa parokia moja ya mashambani huko Kebeki, Kanada. Tukamwandikia paroko wa huko. Jibu lilifika baada ya miezi mitatu: katika miaka ambayo baba huyo angeweza kuzaliwa, walibatizwa wavulana arobaini na mmoja wa jina la Pelletier, na wote walikuwa Joseph. Huko, enzi hizo, kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie, kisha akaongezewa jina la kuitwa nyumbani. Paroko aliomba jina hilo la nyumbani.

"Nilikosa baba mmoja," Annah akasema, "sasa nimepewa arobaini na mmoja!"

Mama yake alikwisha kufariki. Tulikwenda Masese kwa Mzee Otim, aliyefanya kazi na baba huyo kwenye mashine moja.

"Joseph? Hilo la karatasi ya mshahara, binti yangu. Mwenzake alimwita Rémi. 'Rémi, toka shimoni!' Kutwa nzima. Naye hatoki. Mkaidi kama wewe."

"Aliniona, mzee?"

"Alikubeba mwenyewe kwenda kubatizwa. Mimi nilishika mwavuli."

Tukaandika tena. Safari hii paroko alimpata: Rémi, aliyebatizwa mwaka 1924 na kufariki 1988. Kisha paroko akafuata vitabu vya kanisa, baba kwa baba, hadi mtu aliyevuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1671, Kanada ikiwa koloni la mfalme wa Wafaransa. Vizazi tisa, na kila mke ameandikwa kwa jina la baba yake mwenyewe. Annah aliwasoma kwa sauti kibandani, wateja wakisubiri. Kitabu cha Alfayo kimefika vizazi saba tu.

Ila mwishoni mwa barua paroko aliongeza kwamba Rémi ana dada aliye hai, Marie-Ange, mwenye miaka sabini na minne. Rémi hakuwahi kumwambia kitu juu ya Annah. Paroko alimsomea barua yetu. Bibi huyo akauliza tu kama Annah ana simu.

Ni hasira au ni furaha? Hatujui.

"Shangazi anaweza kunikataa," Annah huniambia. "Lakini atanikataa kwa sauti yake, nami nitaisikia."

Tulipeleka namba ya simu ya posta ya Mbale, na paroko akajibu kwa telegramu: watapiga Ijumaa, saa kumi alasiri kwa saa za Uganda. Yeye atayatafsiri maneno ya bibi kwa Kiingereza, nami nitamtafsiria Annah.

Leo ni Jumatano. Annah ameshakwenda posta mara mbili kuhakikisha kwamba simu yao inalia.